Kinga ikiwa juu muda wote ni ugonjwa: namna seli zetu zinavyoidhibiti interferoni isituumize

Maabara Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu dawa ya "kupandisha kinga", na haipiti saa moja kabla muuzaji hajatokea na namba yake ya simu. Mimi riziki yangu iko maabara, na swali hilo linaniuma kwa sababu ndani yake kuna imani kwamba kinga ikiwa nyingi ndiyo afya. Leo naomba tuzungumzie kundi moja tu la protini, interferoni. Humo utaona mwili unavyohangaika kuizima kinga kama unavyohangaika kuiwasha, na wanaoshindwa kuizima wanavyougua. Uzi ni mrefu, nitaushusha vipande vipande.

Tuanzie 1957, Mill Hill, London. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa mayai ya kuku yenye vifaranga, wakaviweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baadaye walichukua yale maji yaliyobaki wakayatia kwenye utando mwingine ambao haujawahi kuguswa na virusi. Utando huo mpya ukagoma kuambukizwa. Ina maana seli za kwanza zilikuwa zimetoa kitu, na kitu hicho kilizitahadharisha seli nyingine. Wakakiita interferoni.

Leo tunajua ni ukoo mzima. Kuna alfa (binadamu ana jeni 13 za hiyo peke yake), kuna beta, kuna gama, na lamda iliyogunduliwa 2003. Nitakaa zaidi kwenye alfa na beta, maana ndizo zenye makuu.

Seli ikiingiliwa na kirusi inamwaga interferoni. Seli za jirani zinaipokea kwenye kipokezi kilicho juu ya ngozi yao, taarifa inapita kwa JAK1 na TYK2 (protini za ndani zinazopokezana ujumbe), inafika kwenye kiini kupitia STAT1 na STAT2 (protini zinazoupeleka ujumbe huo kwenye jeni), na jeni kwa mamia zinawashwa. Nyingine zinakata RNA ya kirusi. Nyingine zinasimamisha utengenezaji wa protini ndani ya seli. Nyingine zinaiandaa seli ijiue. Sasa tafakari: seli iliyosimamisha protini zake na kukaa tayari kujiua, itaishi hivyo miezi mingapi?

Hata ile hali ya mafua makali, homa, viungo kuuma, chakula hakipandi, sehemu yake ni kazi ya interferoni yenyewe. Ushahidi tunao. Wagonjwa wa homa ya ini C walikuwa wakichomwa sindano za interferoni alfa kabla ya vidonge vya siku hizi kuja. Walitetemeka na kuumwa viungo kama wenye mafua, na baadhi yao waliingia kwenye sonona nzito mpaka dozi ikabidi isimamishwe.

Naendelea.

Kijana wa Mbezi

Nimeweka kambi hapa. Shusha mkuu.

Maabara Usiku

Kipande cha pili: nani anaitengeneza?

Karibu kila seli ya mwili inaweza kutoa interferoni kidogo. Lakini kuna seli nyeupe moja ambayo hiyo ndiyo kazi yake: seli ya dendriti ya plasmasitoidi. Jina ni refu, tufupishe pDC. Kwenye damu ni chache mno, hazifiki hata asilimia 1 ya seli nyeupe za kundi lake. Mwaka 1999 ilipothibitishwa kwamba ndizo zile seli zilizokuwa zikitafutwa miaka mingi kama mzalishaji mkuu, watu walishangaa, maana pDC moja inaweza kutoa interferoni alfa hadi mara 1,000 ya seli nyingine. Siri yake ni kwamba protini inayowasha jeni hizo, IRF7, imeshawekwa akiba ndani yake kabla kirusi hakijaja. Seli nyingine inabidi zianze kuitengeneza kwanza.

Ukiwa na seli yenye uwezo huo ndani ya damu, swali la kwanza ni: nani anaizuia isifyatuke ovyo? Maana kitu ambacho pDC inakitafuta ni DNA na RNA za wadudu, na sisi wenyewe tumejaa DNA na RNA zilizoandikwa kwa herufi zilezile. Kila siku seli zetu kwa mabilioni zinakufa na kuacha vipande vyake.

Breki ya kwanza ni mahali. Vipokezi viwili vya pDC, TLR7 inayotambua RNA na TLR9 inayotambua DNA, havikai nje ya seli. Vimefungiwa kwenye vifuko vya ndani vinavyoitwa endosomu, na vina protini ya kuvisindikiza mpaka huko, UNC93B1. Kirusi kikimezwa na seli kinaishia kwenye kifuko hicho na kuchanwa, chembe zake za urithi zinakutana na kipokezi. DNA yetu inayoelea kwenye damu inakatwakatwa na vimeng'enya kabla haijafika huko.

Seli za kawaida nazo zina breki ya aina hiyohiyo. DNA ya seli inatakiwa kukaa kwenye kiini na kwenye mitokondria basi. Ikionekana nje ya hapo, kwenye sitoplazimu (ule uji unaozunguka kiini), kuna protini inaitwa cGAS inayoikamata, inaiamsha protini nyingine, STING, na interferoni inaanza kutoka. Ili kelele hizo zisipigwe bure, kimeng'enya TREX1 kinapita humo kutafuna masalia ya DNA muda wote.

Mtoto akizaliwa na TREX1 mbovu inakuwaje? Mwaka 1984 Jean Aicardi na Françoise Goutières, madaktari wa watoto Ufaransa, waliandika kuhusu watoto 8 wa familia 5. Ubongo ulikuwa unaharibika, kuna madoa ya chokaa ndani yake, kwenye maji ya uti wa mgongo seli nyeupe zimejaa. Ungeapa ni maambukizi waliyopata tumboni mwa mama. Kila kirusi kilichotafutwa hakikupatikana. Baadaye ikapimwa interferoni kwenye maji yale ikakutwa iko juu, na 2006 ndipo jeni ya TREX1 ikatajwa kuwa mojawapo ya chanzo. Watoto wale hawakuwa na kirusi chochote. Miili yao ilikuwa inapambana na DNA yao wenyewe.

Nikisoma kuhusu watoto hawa huwa nasimama kidogo. Wazazi walikuwa wakiambiwa "maambukizi" miaka na miaka.

Mpare Mbishi

Mkuu hapo nimekuelewa ila nina swali. Hizo breki ni za kuzuia isiwake bure. Je, ikishawaka kwa haki, kirusi kipo kweli, nani anaizima?

Maabara Usiku

Mpare Mbishi, hapo ndipo nilipokuwa naelekea, na kwangu ndipo patamu kuliko pote.

Juu ya pDC kuna kipokezi kinaitwa ILT7. Kikiguswa, pDC inapunguza uzalishaji. Kinaguswa na nini? Na protini BST2. BST2 nayo inatokea wapi? Inaoteshwa juu ya seli za jirani na interferoni yenyewe. Yaani pDC inamwaga interferoni, majirani wanaipata, wanaotesha BST2, kisha hiyo BST2 inairudia pDC na kuigusa ILT7: inatosha. Seli haina saa wala mkubwa wa kuiambia. Inajua kazi imefika kwa kuona majirani walivyobadilika.

Na BST2 hiyohiyo ndiyo inayoshika VVU vinapotaka kuchomoka kwenye seli na kuving'ang'aniza kwenye utando visiondoke. VVU vina protini yao ya kuiondoa, Vpu. Protini moja, kazi mbili, na zote mbili zina maana kwa mwili.

pDC ina kipokezi kingine cha kuizuia, BDCA-2. Hicho kikumbukeni, nitakirudia kwenye lupus, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe.

Upande wa seli zinazopokea ujumbe, kuna SOCS1 inayozikamata JAK, na kuna USP18. Hii USP18 inatengenezwa kwa amri ya interferoni, halafu inaenda kukaa kwenye kipokezi cha interferoni kwa ndani na kuifukuza JAK1. Baada ya hapo seli inakuwa kiziwi kwa muda, interferoni ikija hata kwa wingi hasikii mtu.

Umuhimu wake umeonekana kwa watoto. Mwaka 2016 walielezwa watoto waliozaliwa bila USP18: ubongo umeharibika tangu tumboni, wakafariki wachanga. Mwaka 2020 ikaripotiwa habari ya mtoto wa kiume huko Saudi Arabia mwenye kasoro ya jeni hiyohiyo. Maji yamejaa kichwani, ngozi inakufa na kuoza, mapafu yameshindwa. Alipopewa ruxolitinib, dawa inayozuia JAK, alipata nafuu haraka na nafuu ikadumu. Ukiielewa njia, unajua pa kuishika. Breki ya asili haipo, basi unafunga kwa dawa pale pale ambapo ingefunga yenyewe.

Halafu kuna ISG15. Miaka mingi ilihesabiwa kuwa silaha dhidi ya virusi, kwa kuwa panya wasio nayo wanashambuliwa kirahisi. Wakapatikana watu wasio nayo. Virusi haviwasumbui kuliko wengine, ila interferoni zao haziteremki vizuri, kwa sababu kwa binadamu ISG15 ndiyo inayoilinda USP18 isivunjwe. Panya alitudanganya kabisa hapo.

Binti Pangani

Kaka asante kwa uzi huu. Mimi nina lupus. Ilichukua muda mrefu sana kugundulika, nilitibiwa malaria, nikatibiwa typhoid, nikaambiwa nina mawazo. Sasa natumia haidroksiklorokwini. Hakuna aliyewahi kuniambia inafanya nini mwilini zaidi ya "inatuliza kinga". Hiyo interferoni inahusika na mimi?

Maabara Usiku

Dada, pole sana. Na ndiyo, inakuhusu moja kwa moja.

Mwaka 1979 ilichapishwa kwamba wagonjwa wa lupus wana interferoni kwenye damu, na inapanda ugonjwa unapoamka. Wengi walidhani ni matokeo tu ya ugonjwa. Sasa inaonekana ni mojawapo ya vinavyouendesha.

Inakwenda hivi. Kwenye lupus, mwili unatengeneza kingamwili (protini za kinga zinazonasa adui) dhidi ya DNA na RNA zake. Hizo zinashikana na masalia ya seli zilizokufa na kuwa kifurushi. pDC ina mkono wa kushikia kingamwili juu yake, basi inakimeza kifurushi chote, na kinaishia kwenye endosomu, mbele ya TLR7 na TLR9. Ile breki ya mahali niliyoieleza imeshapitwa. Interferoni inamwagika, inazihimiza seli B, seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, zitengeneze zaidi, vifurushi vinaongezeka, pDC inameza tena. Ngozi, viungo na figo ndivyo vinavyoumia.

Kati ya wagonjwa 10 wa lupus, karibu 9 ni wanawake. Homoni zina sehemu yake, lakini pia jeni ya TLR7 ipo kwenye kromosomu X. Wanawake wana X mbili na moja hunyamazishwa, ila TLR7 kwenye baadhi ya seli inaponyoka unyamazishaji huo, kwa hiyo seli inakuwa na dozi ya ziada. Mwaka 2022 wanasayansi walieleza msichana wa Hispania mwenye lupus kali tangu utotoni, ambaye TLR7 yake ilikuwa na badiliko la herufi moja lililoifanya iwake kirahisi mno. Badiliko hilo lilipowekwa kwa panya, nao wakapata ugonjwa unaofanana na lupus.

Sasa dawa yako. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ile chungu tuliyokunywa kwa malaria mpaka Tanzania ilipoiacha 2001. Inaingia kwenye endosomu na kujikusanya humo, TLR7 na TLR9 zinashindwa kufanya kazi sawasawa. Kilichofurahisha ni kwamba madaktari waliona faida kabla ya kujua sababu: mwaka 1951 jarida la Lancet lilitoa taarifa ya wagonjwa wa lupus waliopata nafuu kwa mepakrini, dawa nyingine ya malaria. TLR ziligunduliwa miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo usiiache hata ukijisikia mzima, maana kujisikia mzima huko huenda ndiyo kazi yake.

Kuna na mpya. Anifrolumab, iliyoidhinishwa Marekani 2021, inaziba kipokezi cha interferoni alfa na beta. Na ile BDCA-2 imetengenezewa kingamwili ya kuibonyeza ili pDC itulie. Inaitwa litifilimab, na majaribio ya awamu ya 2 yaliyochapishwa 2022 yalionyesha nafuu kwenye viungo na kwenye ngozi. Ila ukiizuia interferoni unalipa: wanaotumia anifrolumab wanapata zaidi mkanda wa jeshi, kwa kuwa kirusi cha tetekuwanga kilicholala kwenye neva kinapata upenyo.

Mzee wa Nyahururu

Vijana, hii interferoni mimi naijua tangu kitambo. Mwaka wa 1990 hapa Kenya Rais Moi alitangaza Kemron, dawa ya ukimwi iliyotoka KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba. Ilikuwa interferoni alfa ya kipimo kidogo, unaiweka mdomoni iyeyuke. Watu walilia kwa furaha. Wagonjwa walikuja hadi kutoka ng'ambo. Nilizika jamaa zangu waliokuwa na tumaini hilo. Naomba unieleze bila kuficha, ilikosewa wapi?

Maabara Usiku

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa uliowazika.

Majaribio yaliyofuata, pamoja na lililofanyika Uganda, yakilinganisha Kemron na dawa isiyo na kitu, hayakuona faida. Hilo la kipimo kidogo cha mdomoni limeishia hapo. Lakini swali la ndani zaidi, je, interferoni inasaidia kwenye VVU au inaumiza, limekuja kujibiwa vizuri na nyani.

Tumbili hawa wanaoiba mahindi shambani wana kirusi chao, SIV, ndugu wa VVU. Wanaishi nacho maisha yote, damu imejaa virusi, na hawapati ukimwi. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti, moja likitumia tumbili na jingine mangabe (nyani mwingine wa Afrika asiyeugua), yaliwalinganisha na nyani wa Asia, rhesus, ambaye akipata SIV anaugua na kufa. Ilitarajiwa kwamba tumbili hana interferoni nyingi. Kumbe anayo, tena inapanda kwa nguvu siku za mwanzo. Tofauti ni kwamba baada ya wiki chache anaizima, ilhali kirusi bado kipo. Rhesus hawezi. Jeni zake za interferoni zinabaki zimewaka miezi na miezi, seli za CD4, zile seli nyeupe ambazo kirusi hiki kinazishambulia, zinachoka na kufa.

Mwaka 2014 ikajaribiwa kwa rhesus moja kwa moja. Wale waliozibiwa kipokezi cha interferoni mwanzoni kabisa walipata virusi vingi zaidi na wakawahi kuugua. Wale waliopewa interferoni alfa walikinzana na maambukizi mwanzoni, lakini ilipoendelea kutolewa miili ilizoea, ikaacha kuiitikia, na walipoambukizwa wakapoteza CD4 zaidi. Kwa hiyo mzee wangu, interferoni ya siku za kwanza inaokoa. Kumpa mtu ambaye ameishi na VVU miaka kadhaa, tayari mwili wake umelowa interferoni, ni kumwongezea kitu kilekile kinachomchosha. Mwaka 1990 hakuna aliyekuwa na picha hii.

Nesi Zamu

Naomba niongezee upande wa TB maana ndiyo kliniki yangu. Tulifundishwa kwamba interferoni gama inasaidia kupambana na TB. Hizi alfa na beta je?

Maabara Usiku

Nesi, ulifundishwa sawasawa. Gama inaziamsha makrofaji, seli zinazomeza wadudu, ziue bakteria. Alfa na beta zikizidi zinaivuruga kazi hiyo, zinakandamiza pia IL-1, protini nyingine ya kinga ambayo mwili unaihitaji dhidi ya TB. Mwaka 2010 ilipimwa damu ya wagonjwa London na Afrika Kusini, na wenye TB inayoendelea walikuwa na jeni za interferoni zimewaka, hasa kwenye nyutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe. Kadiri mapafu yalivyoharibika zaidi ndivyo alama ilivyokuwa kubwa, na ilififia walipotibiwa.

Na Covid ilionyesha pande zote mbili kwa mpigo. Karibu asilimia 10 ya waliougua mpaka kukaribia kufa walikutwa na kingamwili zinazoiua interferoni yao wenyewe, kwa hiyo kirusi kilijitawala tangu mwanzo. Wengine ilichelewa kuja, ikaja mapafu yameshajeruhiwa, na interferoni ya muda mrefu inazuia seli za mapafu kuota upya.

Kijana wa Mbezi

Mkuu, kwa hiyo zile dawa za kupandisha kinga tunazouziwa stendi zinapandisha interferoni?

Maabara Usiku

Sijaona ushahidi kwamba zinafanya hivyo, na ingekuwa kweli zinaipandisha na kuibakiza juu, ungepata homa, mwili kuuma na huzuni, kama wale wa homa ya ini C. Chanjo inafanya kitu kingine kabisa: inawasha kwa muda mfupi, inaacha kumbukumbu, inazima. Ndiyo maana mkono unauma siku moja mbili tu.

Binti Pangani

Kaka, swali la mwisho. Daktari alinipima uzito kabla ya kunipa vidonge na akasema nipime macho. Sikuelewa, macho yanaingiaje?

Maabara Usiku

Dada, daktari wako yuko makini. Haidroksiklorokwini ikitumika miaka mingi inaweza kujikusanya kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kuiharibu, na uharibifu huo hauponi. Hatari inategemea dozi kwa uzito, ndiyo maana akakupima: inashauriwa isizidi miligramu 5 kwa kilo moja ya uzito kwa siku. Upimwe macho mwanzoni, kisha ukifikisha miaka 5 upimwe kila mwaka, mapema zaidi kama figo zina shida. Kipimo kizuri ni kile cha picha ya matabaka ya retina, OCT, pamoja na cha uwanja wa kuona. Ule ubao wa herufi peke yake hautoshi, mabadiliko ya mwanzo hayaonekani hapo. Ukienda, waambie wazi unatumia dawa gani na tangu mwaka gani.